Vidhibiti Janja vya Joto la Nyumbani: Faida, Hasara na Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, kupasha nyumba joto ni hitaji la lazima kama yalivyo maji na chakula. Sensa ya mwaka 2021 ilionesha kuwa takriban robo tatu ya kaya za England na Wales nchini Uingereza hupata joto kwa mfumo unaotumia gesi ya bomba pekee. Kwa kaya hizo, zikiwemo za Watanzania na wana Afrika Mashariki wengine wanaoishi na kufanya kazi huko, ankara ya gesi ya miezi ya baridi ni mzigo unaohitaji kupangiwa bajeti mapema.

Ni katika mazingira hayo ambapo vidhibiti janja vya joto vimepata soko kubwa, vikinadiwa kwa ahadi ya kupunguza ankara bila kupunguza raha ya nyumba. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ina mipaka. Kifaa hiki hakizalishi joto wala hakizuii joto lisitoroke. Huokoa fedha pale tu palipokuwa na joto linalopotea bure. Aidha, hukabidhi uamuzi kuhusu joto la nyumba kwa yeyote mwenye akaunti yake. Makala haya yanafafanua pande zote mbili ili mwananchi aweze kuamua akiwa na taarifa kamili.

Kifaa chenyewe na namna kinavyofanya kazi

Kidhibiti joto si kitu kipya. Mwaka 1883, Warren Johnson, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha ualimu mjini Whitewater, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, alipata hataza ya kidhibiti joto cha umeme cha chumba. Kanuni yake haijabadilika hadi leo: kifaa hupima halijoto ya chumba, hulinganisha na kiwango kilichowekwa na mtumiaji, kisha huwasha au kuzima chanzo cha joto.

Katika nyumba nyingi za Uingereza chanzo hicho ni boila ya gesi. Boila hupasha joto maji ambayo husukumwa kupitia mabomba hadi kwenye radieta, yaani mabamba ya chuma yaliyofungwa ukutani katika kila chumba. Maji yakishatoa joto lake chumbani hurudi kwenye boila kupashwa upya.

Ujanja ulioongezwa katika miaka ya karibuni ni wa aina nne. Kwanza, mtumiaji anaweza kuwasha au kuzima mfumo kwa simu akiwa mahali popote penye intaneti. Pili, kifaa hutambua iwapo kuna mtu nyumbani, ama kwa vihisi vya mwendo, ama kwa kufuatilia mahali simu za wanakaya zilipo. Tatu, baadhi ya vifaa hujifunza muda ambao nyumba huchukua kupata joto na huzingatia hali ya hewa ya nje. Nne, vali janja zinaweza kufungwa kwenye kila radieta ili kila chumba kiwe na ratiba na kiwango chake.

Faida

Faida ya kwanza ni kupunguza matumizi ya nishati. Kiasi cha joto kinachotoroka nyumbani hutegemea tofauti kati ya halijoto ya ndani na ya nje. Chukua mfano wa siku ambayo nje kuna nyuzijoto 5 za Selsiasi na ndani kuna nyuzijoto 21. Tofauti ni 16. Ukishusha kiwango cha ndani hadi 20, tofauti inakuwa 15, na joto linalopotea hupungua kwa takriban asilimia 6. Kifaa janja hutumia kanuni hiyo hiyo, kwa kushusha kiwango saa ambazo hakuna mtu na kukipandisha kabla watu hawajarejea. Mpango wa Serikali ya Marekani wa ENERGY STAR unakadiria kuwa vidhibiti janja vilivyopata ithibati yake huokoa kwa wastani takriban asilimia 8 ya gharama za kupasha joto na kupoza nyumba. Huo ni wastani. Zipo kaya zinazookoa zaidi na zipo zisizookoa kitu.

Faida ya pili inawahusu watu wenye ratiba zisizotabirika. Muuguzi, dereva au mlinzi anayefanya kazi kwa zamu hawezi kutumia vyema saa ya kawaida iliyopangwa kuwasha joto saa 12 asubuhi na kulizima saa 4 usiku kila siku. Kwa mtu kama huyo, kuweza kuwasha mfumo akiwa njiani kurudi nyumbani, au kuuzima baada ya kukumbuka kuwa aliuacha ukiwaka, ni msaada wa kweli.

Faida ya tatu ni uangalizi wa wazee na wagonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu makazi na afya, uliotolewa mwaka 2018, unapendekeza nyuzijoto 18 kuwa kiwango salama cha ndani kwa watu wa kawaida katika majira ya baridi ya nchi zenye baridi, na unaeleza kuwa makundi yaliyo hatarini, wakiwemo wazee, watoto na wenye maradhi ya muda mrefu, huenda yakahitaji zaidi ya hapo. Mtoto anayeishi mbali na mzazi wake anaweza, kwa ridhaa ya mzazi, kupata taarifa kwenye simu pindi nyumba inaposhuka chini ya kiwango hicho.

Hasara

Hasara ya kwanza ni kwamba gharama haziishii kwenye kifaa. Kipo pia ufundi wa kukifunga, vali za radieta zinazonunuliwa moja moja, na kwa baadhi ya watengenezaji, ada ya kila mwezi ili kupata huduma zote. Kaya ambayo wakati wote ina mtu nyumbani, au ambayo tayari hutumia vizuri saa ya kawaida na vali za mkono, ina joto dogo sana la kuokoa. Nyumba yenye nyufa madirishani na dari isiyozuia joto itaendelea kupoteza joto hata ikifungwa kifaa bora kuliko vyote.

Hasara ya pili ni utegemezi. Vifaa vingi huhitaji intaneti ya nyumbani na kompyuta za mtengenezaji zilizo mbali. Januari 2016, katikati ya majira ya baridi, hitilafu katika programu ya aina moja ya vidhibiti ilimaliza betri za vifaa hivyo na baadhi ya wateja waliamka nyumba zikiwa baridi. Aidha, maisha ya kifaa huamuliwa na mtengenezaji. Mwaka 2025 kampuni ya Google ilitangaza kuwa kuanzia Oktoba 25 mwaka huo ingesitisha huduma kwa matoleo ya awali ya vidhibiti vya Nest, likiwemo la kwanza la mwaka 2011. Vifaa hivyo vilibaki vikiweza kurekebishwa kwa mkono ukutani, lakini si kwa simu. Kidhibiti cha kawaida, kwa kulinganisha, kinaweza kudumu miongo kadhaa bila kuhitaji idhini ya kampuni yoyote.

Hasara ya tatu ni faragha. Kifaa kinachojua lini nyumba ina watu na lini haina, saa za kulala na saa za kuamka, kina taarifa ambazo mwizi angezithamini. Nywila dhaifu hufungua mlango wa taarifa hizo.

Hasara ya nne, ambayo wanunuzi wengi huisahau, ni suala la nani mwenye mamlaka. Mwenye akaunti anaweza kubadili joto la nyumba bila kuwemo ndani. Mwenye nyumba anaweza kumwekea mpangaji ukomo wa joto. Mwenza aliyehama baada ya ndoa kuvunjika anaweza kuendelea kuzima joto la nyumba wanamoishi watoto. Agosti 2023, Kamati ya Bunge la Uingereza inayoshughulikia utamaduni, habari na michezo ilitoa taarifa iliyoonya kuhusu matumizi ya vifaa vya nyumbani vilivyounganishwa na intaneti katika ukatili wa majumbani. Nako Texas, nchini Marekani, katika joto kali la Juni 2021 baadhi ya wakazi walikuta halijoto ya nyumba zao imepandishwa kutoka mbali ili kupunguza matumizi ya umeme. Walikuwa wamejiunga na mpango wa kuokoa nishati, lakini wapo waliosema hawakujua kuwa masharti yaliruhusu jambo hilo.

Hasara ya tano inahusu afya na uimara wa jengo. Kushusha joto kupita kiasi ili kuokoa fedha husababisha mvuke kuganda ukutani kwa matone, kuta kuloa na ukungu kuota, hali inayodhuru mapafu hasa ya watoto. Kwa nyumba zinazotumia pampu ya joto badala ya boila, kuzima na kuwasha mara kwa mara kunaweza kuongeza matumizi, kwa sababu pampu hizo hufanya kazi kwa ufanisi zaidi zikiendeshwa taratibu na kwa muda mrefu.

Sheria zinasemaje

Nchini England, viwango vilivyoanza Aprili 2018 vinataka kila boila mpya ya gesi majumbani iwe na vidhibiti vya muda na halijoto. Kwa boila zinazotoa pia maji ya moto papo kwa papo bila tangi, viwango hivyo huongeza sharti la kufunga mojawapo ya njia nne za kuokoa nishati. Kidhibiti janja ni mojawapo tu. Mteja ana haki ya kuchagua nyingine, kama vile kihisi kinachorekebisha joto la maji ya boila kulingana na hali ya hewa ya nje.

Tangu Aprili 29, 2024, sheria ya Uingereza ya usalama wa bidhaa zinazounganishwa na intaneti inapiga marufuku nywila za kiwandani zilizo rahisi kubashiri. Vilevile inamtaka mtengenezaji kutangaza muda wa chini ambao kifaa kitapata masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya nao una sheria inayofanana na hiyo, ambayo masharti yake makuu yataanza kutekelezwa Desemba 11, 2027.

Somo kwa matumizi ya nyumbani Afrika Mashariki

Nyumba nyingi za Tanzania hazina mfumo wa kupasha vyumba joto, hata katika maeneo ya baridi kama Njombe, Makete na Lushoto. Hata hivyo, kanuni zilizoelezwa hapo juu zinagusa kifaa kinachopatikana katika baadhi ya nyumba za mijini, nacho ni hita ya maji ya umeme. Kupasha lita 50 za maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 60 huhitaji takriban uniti 2.3 za umeme. Hita ikiachwa ikiwaka usiku na mchana huendelea kula umeme ili kufidia joto linalotoroka kwenye tangi, hata kama hakuna anayeoga.

Hapa ndipo faida ya udhibiti inapoonekana bila gharama kubwa: swichi yenye saa ya kupanga muda, iliyofungwa na fundi umeme aliyesajiliwa na yenye uwezo wa kubeba mkondo wa hita, inaweza kutoa sehemu kubwa ya manufaa ya kifaa janja. Tahadhari moja izingatiwe: maji yaliyohifadhiwa kwenye tangi hupaswa kupashwa hadi nyuzijoto 60, kwani tangi linaloachwa vuguvugu linaweza kuzalisha bakteria aina ya Legionella wanaosababisha homa kali ya mapafu. Maji yenye joto hilo huunguza, hivyo yachanganywe na ya baridi kabla ya kumwogesha mtoto.

Kwa upande wa taarifa, wananchi wakumbuke kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, inalinda taarifa zao binafsi zinazokusanywa na kuchakatwa na taasisi mbalimbali.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kununua

1. Je, nyumba yangu hupashwa joto saa ambazo hakuna mtu? Kama jibu ni hapana, faida itakuwa ndogo.
2. Je, kifaa kinafanya kazi na aina ya boila, pampu au hita niliyo nayo?
3. Intaneti ikikatika, naweza kukirekebisha kwa mkono?
4. Mtengenezaji ameahidi masasisho ya usalama kwa miaka mingapi, na kuna ada ya mwezi?
5. Akaunti iko kwa jina la nani, na nani mwingine ana nywila?
6. Kwa mpangaji: je, mkataba unaeleza nani anaweka kiwango cha joto?

Anayehamia katika nyumba yenye kifaa cha aina hii anashauriwa kudai kifutwe kumbukumbu zote na kusajiliwa upya kwa jina lake siku anayokabidhiwa funguo. Akaunti ya joto ni funguo mojawapo ya nyumba, na haifai kubaki mkononi mwa mtu asiyeishi humo.