Kusimamishwa na polisi kati ya Arua na Koboko: yanayomhusu dereva na mwenye gari

Dereva wa lori anayetoka Arua kwenda Koboko ana lami tupu mbele yake, kilomita zisizofika 60. Gari likiwa zima, saa moja na nusu inatosha. Hata hivyo madereva wa njia hii hawahesabu kilomita, wanahesabu mara walizosimamishwa. Makala haya yanaeleza nani ana mamlaka ya kusimamisha gari katika njia hiyo, anatafuta nini, faini inalipwaje, na kwa nini fedha nyingi za msafirishaji zinatoka mfukoni bila stakabadhi.

Barabara yenyewe

Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba ina urefu wa kilomita 92 na iliwekwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia katika muongo wa 2010. Upande wa kusini inaishia Vurra, mpaka wa Kongo, na ukivuka unafika Aru na, mbele zaidi, soko la Ariwara. Upande wa kaskazini inaishia Oraba, na ng'ambo ni Kaya, Sudan Kusini. Katikati inapita wilaya ya Maracha na mji wa Koboko, ambao nao una mpaka wake wa Salia Musala, mahali nchi tatu zinapokutana.

Enzi za vumbi, mashimo yenyewe yalikuwa yanawasimamisha madereva. Lami ilipokuja ikaja na kasi, na kasi ikawaleta trafiki. Lakini kasi si sababu pekee. Barabara fupi inayounganisha mipaka ya nchi mbili jirani ina maana kwamba karibu kila gari linaweza kuwa limebeba kitu ambacho hakijalipiwa ushuru. Kwa sababu hiyo dereva wa Arua husimamishwa na watu wa aina nyingi kuliko mwenzake wa barabara za ndani ya nchi.

Nani anakusimamisha

Wa kwanza ni askari wa trafiki, mwenye sare nyeupe. Huyu kazi yake ni leseni, bima, hali ya gari, uzito unaoonekana kwa macho, abiria juu ya mzigo na mwendo. Wa pili ni maofisa wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, kitengo cha kuzuia magendo, ambao mara nyingi hutembea na askari wenye silaha. Hawa hawana haja na taa yako ya nyuma, wanataka kujua mzigo umetoka wapi na umelipiwa nini. Wa tatu ni jeshi na polisi wa kawaida, hasa karibu na mipaka na wakati wa usiku, ambao huangalia watu, vitambulisho na silaha. Tena kuna watoza ushuru wa halmashauri kwenye masoko na vituo vya kupakia. Hao wana haki ya kudai ada ya halmashauri yao kwa risiti, basi. Kudai leseni ya udereva si kazi yao.

Kosa linalowagharimu madereva wengi ni kuwachanganya hawa. Mtu anasimamishwa na trafiki kwa tairi kipara, anaanza kujieleza habari za mzigo ambao hajaulizwa. Afande aliyekuwa na swali moja sasa ana maswali matatu.

Jibu alichouliza. Mwite afande, zima injini, shusha kioo, toa karatasi. Lugha haina shida: Kiswahili ni lugha ya kambi za jeshi na polisi wa Uganda tangu ukoloni, na askari aliyeletwa Koboko kutoka Mbarara asiyejua Kikakwa wala Kilugbara atakuelewa. Zaidi ya hayo Katiba ya 1995, kifungu cha 23, inataka mtu anayekamatwa aambiwe sababu papo hapo kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hajaachiliwa.

Karatasi na vifaa

Leseni iwe hai na iwe ya daraja la gari unaloendesha. Hapa ndipo wengi hunaswa, kwani kijana aliyeanza na gari dogo anapewa fuso na tajiri wake bila kuongezewa daraja. Tangu 2021 leseni za Uganda hutolewa na mfumo mpya ulio chini ya kampuni ya serikali ya uchapaji wa usalama, na visingizio vya kwamba kadi bado iko njiani havina nguvu tena. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima. Pembetatu za kuakisi mwanga, kizima moto, taa zote, breki na matairi ni vitu vinavyoonekana kwa macho, na ndivyo askari huanza navyo kwa sababu havihitaji mashine.

Mwendo ni jambo linalobadilika. Ndani ya vituo vya biashara kiwango kinachofahamika ni kilomita 50 kwa saa, lakini kanuni za 2024 zilishusha hadi 30 katika sehemu zenye watembea kwa miguu wengi kama vile karibu na shule. Lori lililozoea kukata Maracha kwa mwendo wa zamani linajitafutia faini.

Kuhusu uzito, ukomo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari lote pamoja na mzigo, na kila ekseli ina kiwango chake. Trafiki anaweza kutilia shaka gari lililolala kwenye springi, lakini kinachothibitisha ni mizani. Mizani ilikuwa chini ya mamlaka ya barabara, UNRA, na baada ya mamlaka hiyo kuvunjwa mwishoni mwa 2024 kazi ikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Kama umepimwa njiani ukitoka Kampala, tunza karatasi ya mizani mpaka mzigo ushuke.

Tikiti

Uganda imekuwa na utaratibu wa faini za papo kwa papo tangu miaka ya 2000. Neno "papo kwa papo" limewapoteza wengi. Maana yake ni kwamba kosa linaandikwa papo hapo, si kwamba fedha inalipwa papo hapo. Askari anaandika tikiti yenye namba ya gari, kosa na kiasi. Una siku 28 za kulipa, na malipo huenda serikalini kupitia benki au simu kwa namba ya malipo ya URA. Hakuna senti inayopaswa kupita mikononi mwa aliyeandika. Kama hukubali kosa, una haki ya kwenda kujitetea mahakamani badala ya kulipa.

Jambo ambalo wenye magari hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba tikiti inafuata namba ya gari. Dereva anaikunja na kuitia chini ya kiti, kisha anaacha kazi. Miezi inapita, lori linakwenda Kampala, linakutana na msako wa wadaiwa wa faini na linazuiwa likiwa na mzigo wa mtu. Mwaka 2025, mwezi wa Juni, serikali ilianza kutoza faini kwa kamera, na baada ya siku chache ikausitisha mpango huo kutokana na malalamiko ya wenye magari. Yaliyotokea yaliwafunza wengi kutafuta namba ya gari lao kwenye mfumo kabla mfumo haujawatafuta.

Fedha isiyo na risiti

Sasa tuje kwenye lile ambalo kila dereva wa Arua huanza nalo ukimkaribisha chai. Tafiti za Afrobarometer, mwaka baada ya mwaka, zimewaonyesha Waganda wakiitaja polisi miongoni mwa taasisi zenye rushwa zaidi. Si habari mpya: tume ya Jaji Julia Sebutinde ilichunguza rushwa katika polisi tangu 1999. Kwa hiyo tusijifanye hatujui kwamba kuna noti zinazopita ndani ya leseni iliyokunjwa.

Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba mjadala huu huanzia mahali pasipo sahihi. Watu huuliza kwa nini askari anapokea. Swali lenye faida kwa msafirishaji ni kwa nini dereva anatoa, hata pale ambapo hana kosa.

Tazama fedha ya njia inavyotolewa. Matajiri wengi humpa dereva kiasi kimoja cha mafuta, chakula na "mambo ya barabarani", na kinachobaki ni chake. Akiandikiwa tikiti ya shilingi laki moja, hana hakika kama tajiri atailipa au atamkata mshahara. Akitoa 5,000 anaondoka, na bado anabaki na akiba yake. Kwake yeye hesabu iko sawa kabisa. Tikiti ni hasara yake, na 5,000 ni ya tajiri.

Kwa tajiri hesabu ni nyingine. Hizi si takwimu, ni mfano tu: vituo vinne kwenda na vinne kurudi, 5,000 kila kimoja, ni 40,000 kwa safari. Safari tatu kwa wiki ni 120,000. Kwa wiki nne ni 480,000, bila risiti hata moja ya kuingiza kwenye vitabu. Fedha hiyo ingenunua pembetatu, balbu na kizima moto, na chenji ingebaki. Isitoshe, gari linalojulikana kwamba hutoa husimamishwa tena kesho.

Bei nayo hailingani. Anayebeba saruji anaweza kukaa pembeni ya barabara mpaka jioni. Anayebeba nyanya za kwenda Juba au samaki wa Panyimur hawezi, na anayemsimamisha analijua hilo kwa harufu tu. Kwa mzigo unaooza, karatasi kamili zina thamani kubwa kuliko kwa mzigo mwingine wowote.

Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 haitofautishi mtoaji na mpokeaji. Wote wanaweza kufungwa hadi miaka 10. Ombi la "afande, niandikie tiketi" halivunji sheria yoyote, na kwa dereva ambaye tajiri wake ameahidi kwa maandishi kulipa tikiti za gari bovu, ni ombi rahisi kutamka. Tikiti za mwendo abebe mwenyewe. Mgawanyo huo wa makosa, ya gari kwa mwenye gari na ya usukani kwa dereva, uandikwe kwenye mkataba kabla funguo hazijatolewa.

Mzigo wa mpakani

Kwa URA mchezo ni mwingine. Chini ya Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, ofisa anaweza kusimamisha na kupekua gari analolishuku, na chombo kilichobeba magendo kinaweza kutaifishwa pamoja na mzigo. Hapa tunazungumzia kupoteza lori zima.

West Nile ina historia yake. Vijana wa Arua waliojulikana kama OPEC Boys waliuza mafuta ya magendo kutoka Kongo kwenye madumu kando ya barabara kwa miaka mingi, na kwa watu wengi biashara hiyo ilikuwa ajira kama nyingine. Sigara, vitenge na pikipiki zenye namba za Kongo au Sudan Kusini vimepita njia hizo hizo. Ofisa anapofungua turubai lako ana historia hiyo kichwani, hata kama umebeba maharage. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya, zisizozidi dola 2,000 za Marekani, anaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale mpakani. Kinachukua muda mfupi kuliko kubishana. Sudan Kusini iliingia Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022.

Mkaa usiubebe kwa mazoea. Amri ya rais ya Mei 2023 ilipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi, West Nile ikiwemo.

Ukivuka

Uganda tunaendesha kushoto. Kongo na Sudan Kusini wanaendesha kulia, na kosa la kusahau hilo mita mia moja baada ya Vurra au Oraba ni la kwanza kuandikwa. Kwa Kongo hakikisha una Kadi ya Njano ya COMESA, kwani bima yako ya nyumbani haivuki. Upande wa Kaya kuelekea Yei shida si trafiki. Utafiti wa taasisi ya IPIS wa mwaka 2021 ulihesabu vizuizi zaidi ya 300 katika njia za biashara za Sudan Kusini, na mwaka huo huo madereva wa Afrika Mashariki waligoma kuingia nchini humo baada ya wenzao kuuawa katika barabara za Yei na Nimule. Huko fedha ya njia ni lazima, na mwenye mzigo anayejifanya hajui anamtuma mtu kifo.

Kulalamika

Malalamiko yasiyo na namba hayaendi popote. Andika saa, mahali, jina lililo kifuani kwa askari au namba yake ya utumishi, na namba ya gari la doria. Polisi wana kitengo chao cha nidhamu, na ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ina tawi Arua. Vizuizi vinavyozuia biashara ya kuvuka mpaka vinaweza pia kuripotiwa kwenye mfumo wa pamoja wa COMESA, EAC na SADC wa vikwazo visivyo vya ushuru, ambao nchi husika hutakiwa kuujibu. Chama cha wasafirishaji kikipeleka malalamiko kumi ya kituo kimoja kwa mwezi mmoja, yenye tarehe na saa, husikilizwa kuliko dereva mmoja aliyeudhika. Daftari la kuandikia hayo likae ndani ya gari, karibu na leseni.