Reli ya Ffestiniog na Watu Walioifufua

Upande wa kaskazini wa nchi ya Wales, ambako milima hushuka karibu na bahari, iko reli nyembamba iitwayo Ffestiniog. Nafasi baina ya vyuma vyake viwili haifiki sentimeta 60, na urefu wake, kutoka mji wa Blaenau Ffestiniog ulio mlimani hadi bandari ya Porthmadog, ni kadiri ya kilometa 22. Reli hii ilipata kufa, ikafunikwa na miba, kisha ikafufuliwa na watu ambao wengi wao hawakuzaliwa huko wala hawakuwa na faida ya fedha ya kuitumainia. Ndani ya habari zake mna swali ambalo halijapata jibu jepesi: kitu kilichojengwa kwa jasho la kazi kikigeuzwa kuwa cha matembezi, huwa mali ya nani?

Milima ya Ffestiniog ina mawe ambayo hupasuka kwa mabamba membamba, na mabamba hayo huezekea nyumba. Katika karne ya 19 yaliuzwa mbali. Hata Hamburg, baada ya moto mkubwa wa mwaka 1842, iliezekwa kwa mawe yaliyopakiwa Porthmadog. Bunge lilipitisha sheria ya kuijenga reli mwaka 1832, na mwaka 1836 ikafunguliwa. Ustadi wake ulikuwa katika mteremko. Njia yote ilipimwa ili ishuke pole pole bila kukatika, na mabehewa yaliyojaa mawe yaliteremka kwa uzito wake yenyewe, pasipo mtambo wala mnyama, watu wachache wakiwa juu yake kushika breki. Farasi walikuwa na kazi moja tu, kuyarudisha mlimani yakiwa matupu. Na wakati wa kushuka, farasi hao walipandishwa katika behewa lao, wakasafiri pamoja na shehena huku wakila majani. Sijui chombo kingine ambacho mtumishi wake mnyonge alipewa heshima kama hiyo.

Mitambo ya moshi ililetwa mwaka 1863, na abiria wakaanza kupandishwa rasmi mwaka 1865. Mwaka 1869 ukatokea mtambo wa namna mpya uitwao Little Wonder, uliobuniwa na Robert Fairlie, wenye pande mbili za kuvutia. Majaribio yake ya mwaka 1870 yalitazamwa na wahandisi wa nchi nyingi, Urusi ikiwa mojawapo, na reli nyembamba zikaigwa katika pembe nyingi za dunia.

Utukufu huo haukudumu. Nyumba zikaezekwa kwa vitu vingine, malori yakachukua mizigo. Abiria walisimamishwa mwaka 1939 vita vilipoanza, na tarehe 1 Agosti 1946 mizigo nayo ikakoma. Hapo ndipo kosa la zamani lilipogeuka kuwa bahati. Sheria ya 1832 ilieleza jinsi ya kuijenga reli, bali haikueleza jinsi ya kuiacha. Kampuni haikuweza kuing'oa bila kupata sheria nyingine ya Bunge, na gharama ya sheria hiyo ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake. Basi vyuma vikabaki vilipolazwa, mitambo ikashika kutu, na miti ikaota baina ya mataruma.

Mwaka 1951 watu wa kujitolea, wakiongozwa na mwandishi Tom Rolt, walianza kuendesha reli ya jirani iitwayo Talyllyn, na hao walikuwa wa kwanza duniani. Mwaka huo huo kijana wa miaka 17, Leonard Heath Humphrys, aliitisha mkutano mjini Bristol kuzungumza juu ya Ffestiniog. Maneno yalikuwa mengi, fedha kidogo. Mwishowe, mwaka 1954, Alan Pegler alipata hisa za kutosha kuitawala kampuni, kisha akaziweka mikononi mwa wadhamini ili mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, asijinufaishe nazo. Mwaka 1955 garimoshi lilipita tena juu ya tuta linalokata ghuba ya Porthmadog, na mwaka 1958 likafika Tan-y-Bwlch, katikati ya njia.

Lakini wakati kijani kikichipua huku, shoka lilikuwa limeinuliwa kule. Halmashauri ya Umeme ilitaka kujenga ziwa karibu na Tanygrisiau. Sheria ya mwaka 1955 ikairuhusu, na maji yakafunika sehemu ya reli. Tusihukumu kwa haraka. Umeme ulikuwa haja ya taifa, na katika bonde ambalo machimbo yake yalikuwa yakifungwa, ujenzi ulileta mishahara; mwenye njaa haulizwi kama anapenda garimoshi la zamani. Mtambo wa umeme ulifunguliwa mwaka 1963, na shauri la fidia likaburutwa mahakamani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Wafufuaji hawakungoja hukumu. Mwezi Januari 1965 walianza kuchimba njia mpya ya kilometa 4 hivi kulizunguka ziwa. Makarani, walimu na wanafunzi walikuja mwisho wa juma kwa sururu na koleo, katika mvua ya Wales isiyo na huruma. Pale Dduallt waliizungusha reli ikapita juu yake yenyewe ili ipate kimo. Handaki la mlimani lilihitaji wenye kuujua mwamba, likachimbwa chini ya uongozi wa mafundi wa migodi ya Cornwall, kati ya 1975 na 1977. Tarehe 25 Mei 1982 abiria walishuka Blaenau Ffestiniog, miaka 36 baada ya kufungwa.

Walioshuka siku hiyo walikuta mji ambao lugha yake ni Kiwelshi na ambao wazee wake walikuwa wamekohoa vumbi la mawe maisha yao yote. Kwao reli ilikuwa kazi. Kwa mgeni ilikuwa starehe. Naona si haki kusema kwamba mgeni aliiiba, kwa maana aliikuta imetupwa, na karakana ya Boston Lodge hata leo huwafundisha vijana ufundi wa chuma. Wala si haki kusema kuwa deni limelipwa: mchimbaji alijengewa njia ya kupitisha mawe, naye mwenyewe alitembea kwa miguu miaka mingi kabla ya abiria kuruhusiwa rasmi.

Mwaka 2021 mabonde hayo ya mawe yaliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, na reli pamoja nayo. Siku za sherehe mabehewa ya kale huteremshwa tena bila mtambo, watu wa breki wakiwa juu, na watalii husimama kando ya njia kuyapiga picha.