Nyumba ya Nyasi pale Kasubi

Ukitoka Kyangwali kwa basi kwenda Kampala, karibu kuingia mjini unapita Kasubi. Wengi wetu hapo tuko bize kuangalia mizigo. Kumbe juu ya kile kilima kuna nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, na ndani yake wamelala makabaka wanne wa Buganda.

Muteesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882 iwe ikulu yake. Alipokufa 1884 akazikwa humo humo. Na sisi wakimbizi tusikie vizuri: wawili kati ya wale wanne walifia ugenini. Mwanga alipelekwa na Waingereza mpaka visiwa vya Shelisheli, akafa huko 1903, mifupa yake ikarudi 1910. Mjukuu wake, Muteesa wa Pili, alikimbia jeshi la Obote 1966. Alikufa London 1969, akarudishwa 1971. Nyumba ilikuwepo, ikawapokea.

Ulinzi wa karatasi haukukosekana. Serikali iliiandikisha kuwa mali ya kale mwaka 1972, UNESCO nao wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2001. Tarehe 16 Machi 2010, usiku, ikaungua. Kesho yake Rais Museveni alipokuja, umati ukamzibia njia, askari wakapiga risasi, watu wakafa. Nani alichoma? Mpaka leo watu wanabishana.

Hasira ile haikutokana na sheria. Kila Mganda ana ukoo, na paa lile kwa ndani lina pete 52, moja kwa kila ukoo. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, siyo ya kila fundi. Pesa unaweza kuomba kwa wafadhili, lakini mkono unaojua kufunga nyasi hauji na gari la msaada. Ikabidi wazee wafundishe vijana. Ndugu zetu wa mashirika, mkija kuhesabu mabati kambini, mtuulizie pia ni mzee gani bado anajua kuezeka nyumba ya kwao.

Miaka 13 ikapita. Septemba 2023, kwenye mkutano wa Riyadh, UNESCO wakaitoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Paa ni la nyasi tena, ila safari hii kuna na vifaa vya kuzimia moto, vilivyonunuliwa kwa msaada wa Japani.