Mjomba Asiye na Kaburi

Bibi yangu mzaa mama huniita Mjomba. Ukitusikia unaweza kudhani mzee kapoteza fahamu, kumbe wapi! Mimi nimerithi jina la mjomba wake, kaka wa mama yake, na kwetu Masasi mrithi wa jina huitwa kama alivyoitwa mwenyewe. Nilipomaliza kidato cha nne na kutangaza kwamba nitaandika riwaya, habari ya huyo mjomba wa kwanza ndiyo niliyoikimbilia.

Nilichokuwa nacho ni kidogo. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, alitembea kwa miguu hadi Lindi kujiandikisha uaskari kwa Wajerumani. Hakuswagwa kama wapagazi wengi. Alijitolea. Miaka mitatu baadaye akafia Mahiwa, na kaburi lake halijulikani.

Hapo kalamu ikanigomea. Mwaka 1905 moto wa Maji Maji ulifika Masasi, hata misheni ya Waingereza ikateketezwa. Wajerumani waliizima vita ile kwa risasi na kwa njaa, wakichoma mashamba na maghala ya chakula. Kijana huyu alikuwa mtoto wakati ule, mwenye macho yake. Iweje akavae kofia ya Mjerumani? Basi katika rasimu yangu nikamfanya mpelelezi wa wananchi, anayewahujumu wakubwa zake kwa siri. Nikaenda kumsomea Bibi.

Alikuwa anabangua korosho. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjomba, usimzushie. Alifuata mshahara. Mama alituambia hivyo, na bado alikuwa akimlilia."

Nikazichana zile karatasi, nikarudi kwenye historia.

Ukipanda basi Masasi kwenda Lindi unapita Ndanda, halafu Mahiwa. Wengi wetu tunapita tumelala. Pale, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, Jenerali Lettow-Vorbeck, akiwa na watu wapatao 1,500, alipambana na jeshi la Waingereza la watu karibu 5,000. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700, waliokufa na waliojeruhiwa. Wajerumani zaidi ya 500. Lakini tusidanganywe na hayo majina ya Ulaya. Upande mmoja walikuwapo vijana wa Nigeria na askari wa Keya, upande wa pili vijana wa kwetu. Siku nne Mwafrika alimpiga risasi Mwafrika mwenzake kwa ugomvi wa wafalme ambao hakuwahi kuwaona.

Lettow-Vorbeck alishinda, ila risasi zilikuwa zinamwishia. Akarudi nyuma hadi Chiwata, akapanda uwanda wa Makonde, na huko Nambindinga akawaacha wagonjwa na majeruhi. Tarehe 25 Novemba alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Jeshi linalokimbia halina muda wa kuchimba makaburi.

Na walioshinda vita, je? Mwaka 1927 Waingereza walizindua sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, kuwakumbuka askari wao na wapagazi, waliowaita miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono, msomaji; majina hawakuyaandika. Mwaka 2021 tume yao ya makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Ujerumani Magharibi nayo, mwaka 1964, ilikubali kuwalipa askari wake wa zamani mishahara waliyokuwa wakiidai. Walilipwa waliokuwa hai. Mjomba, aliyefuata mshahara, alikuwa amekwisha lala Mahiwa miaka 47.

Nilipomweleza Bibi habari ya malipo hayo alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu. "Kwa hiyo wanadaiwa," akasema, akaendelea na korosho zake.

Sasa riwaya yangu inaanza upya. Hakuna mpelelezi. Yupo kijana anayekwenda Lindi kwa miguu, amejitolea, na nyuma yake yupo dada anayemwangalia mpaka anapotea kwenye vichaka. Simsafishi wala simhukumu. Aliponiachia jina hakuniachia sifa, na mimi sina ruhusa ya kumbandika.

Nawe kijana mwenzangu unayetafuta kisa cha kuandika, muulize bibi yako jina lako lilikuwa la nani. Ila jiandae, maana jibu linaweza kuiharibu hadithi uliyokwisha itunga.