Herufi zilizovimba na kadi ya mwaka 1928

Juzi usiku jamaa ninayekaa naye chumba kimoja kawasha laptop yake ya Linux, ile menyu ya kuwashia ikatokea na herufi zimevimba kama zimeumwa na nyuki. Akasema mfumo umekufa, bora afute diski aanze upya. Humo humo ndo ilimo ripoti ya mradi wake wa mwaka wa mwisho, na kopi nyingine hana! Nikamwambia tulia kwanza, huu si ugonjwa, ni urithi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1928 IBM ilitoa kadi ya kutoboa matundu yenye safu 80. Mashine za maandishi zilizofuata zikairithi hiyo 80, na PC ya IBM ya mwaka 1981 ikaja na herufi 80 kwa mistari 25. Mwaka 1987 ikaja VGA: maandishi kwa nukta 720 kwa 400, picha kwa 640 kwa 480. Watengenezaji wengine wakaifuata. Ndo maana kompyuta za BIOS zikiamka, kabla draiva haijaingia, zinaongea lugha hiyo ya wazee. Kioo cha nukta 1366 kwa 768 kinaivuta picha ndogo mpaka ijae, herufi zinavimba.

Baadaye VESA ikaweka utaratibu wa kuiomba kadi ya video picha kubwa zaidi. Watu wa Linux wakawa wanaandika vga=791, yaani 1024 kwa 768. Ila orodha ni ya kadi yenyewe. Kipimo chako kisipokuwemo, ndo basi tena. Mwaka 2009 keneli 2.6.29 ikaanza kupanga kioo yenyewe, kwa kadi za Intel kwanza.

Kwa GRUB 2 dawa ni fupi. Kwenye menyu bonyeza c, andika videoinfo, soma orodha. Halafu ndani ya /etc/default/grub weka kipimo kilichomo:

GRUB_GFXMODE=1024x768,auto
GRUB_GFXPAYLOAD_LINUX=keep

Mstari wa pili ni wa konsoli, ile skrini nyeusi ya maandishi. Kwenye Debian na Ubuntu malizia na sudo update-grub.

Kwa jamaa 1366 haikuwemo, tukachukua hiyo 1024. Menyu ikapungua uvimbe, na keneli ilipoamka ikaipata 1366 yake yenyewe. Ripoti nzima. Ila sikumwacha alale mpaka ameikopi kwenye flash.

Haya, tuonane wiki ijayo, mitihani ikituacha hai.