Deni la daktari kwa kijiji: simulizi ya Afrika Kusini tangu miaka ya 1940

Juma hili tunaanzia Johannesburg, katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho wenyeji hukiita Wits kwa kifupi. Kwa miaka mingi kitivo hicho kilikuwa katika mtaa wa Hillbrow, katikati ya jiji, hadi kilipohamia Parktown mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliosomea hapo walitibu wagonjwa wa Johannesburg, wengine wakatibu wagonjwa wa London na Toronto. Waliokwenda kutibu wagonjwa wa vijijini walikuwa wachache siku zote.

Swali la namna ya kumpeleka daktari kijijini na kumfanya akae huko si geni masikioni mwa wasikilizaji wetu wa Afrika Mashariki. Serikali nyingi zimejaribu kulijibu kwa fedha: mwanafunzi hulipiwa masomo, naye hulipa deni lake kwa miaka ya kazi mahali ambapo wenzake hawataki kwenda. Marekani ilianzisha mpango wa namna hiyo katika miaka ya 1970, na baadaye ikaongeza utaratibu wa kuwalipia madaktari mikopo waliyokwisha kuichukua. Afrika Kusini, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuanza mapema zaidi.

Katika miaka ya mwanzo ya 1940, dunia ikiwa vitani, njia ya kijana wa Kiafrika kwenda Ulaya au Marekani kusomea udaktari ilizibwa. Kabla ya hapo hakukuwa na chuo nchini Afrika Kusini kilichomfundisha Mwafrika udaktari hadi mwisho. Ndipo Wits ilipofungua mlango, na serikali ya wakati huo ikatoa idadi ndogo ya misaada ya masomo kila mwaka kupitia hazina iliyoitwa Dhamana ya Wenyeji ya Afrika Kusini. Msaada huo haukutolewa bure. Aliyeupokea alitarajiwa kwenda kuwahudumia Waafrika katika maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao, ambako daktari alikuwa adimu kama mvua ya kiangazi.

Mmoja wa walionufaika na fedha hizo alikuwa Mary Malahlela. Alihitimu mwaka wa 1947 na kuwa mwanamke wa kwanza mweusi kusajiliwa kuwa daktari nchini humo. Anakumbukwa zaidi kwa kazi aliyoifanya Kliptown na Mofolo, vitongoji vilivyo ndani ya Soweto ya leo, na jambo hilo linatukumbusha kwamba uhaba wa madaktari haukuwa wa mashambani peke yake.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na mawazo makubwa zaidi. Sidney Kark na mkewe Emily, wote wawili wahitimu wa Wits, walikwenda Pholela katika jimbo la Natal mwaka wa 1940 na kuanzisha kituo cha afya ambacho wataalamu wa afya ya jamii wanakitaja mpaka leo. Walihesabu kaya, walichunguza chakula cha watoto, walihimiza bustani za mboga, na walimtibu mgonjwa wakijua anaishi katika nyumba ya namna gani. Kati ya mwaka wa 1942 na 1944 tume iliyoongozwa na Henry Gluckman, daktari wa Johannesburg aliyekuwa pia mbunge, ilipendekeza huduma ya afya ya taifa zima yenye mamia ya vituo vya mfano huo. Vilivyojengwa havikuzidi makumi machache.

Mwaka wa 1948 chama cha National kilishika madaraka na siasa ya ubaguzi wa rangi ikawa sheria ya nchi. Mwaka uliofuata serikali iliondoa misaada ile ya wanafunzi Waafrika wa udaktari pale Wits. Hapa naomba tusimame kidogo. Vijana walikuwa wameambiwa: someni, nasi tutawalipia, kisha mtawatumikia watu wenu. Kabla hata mpango huo haujatimiza miaka kumi, upande uliotoa ahadi ndio uliojitoa. Wanafunzi wa Wits, wengi wao Wazungu, walianzisha mfuko wao wa kuchangisha fedha ili wenzao Waafrika waendelee na masomo. Mwaka wa 1951 shule ya tiba ya wasio Wazungu ilifunguliwa Durban, na kwa sheria ya mwaka wa 1959 Mwafrika hakuweza tena kuingia Wits bila kibali cha waziri.

Je, nani aliwatibu watu wa vijijini katika miaka yote iliyofuata? Kwanza ni wamisionari. Hospitali nyingi za mashambani, kuanzia Transkei hadi Zululand, zilijengwa na makanisa, na madaktari wake walitoka Uskoti, Uswisi, Skandinavia na kwingineko. Katika miaka ya 1970 serikali ilizitwaa hospitali hizo na kuziweka chini ya tawala za mabantustan. Kisha walikuja wanajeshi. Vijana wa Kizungu walilazimishwa kulitumikia jeshi, na waliokuwa madaktari baadhi yao walipelekwa katika hospitali za mabantustan kumalizia muda wao. Mama mjamzito wa kijijini alijikuta akipasuliwa na luteni. Ni jambo linalosemwa kwa nadra, kwamba utawala wa ubaguzi ulizijaza nafasi za madaktari wa vijijini kwa amri ya jeshi.

Amri hiyo ilipofutwa katika miaka ya mwanzo ya 1990, pengo likaonekana. Serikali ya Nelson Mandela, iliyoingia madarakani mwaka wa 1994, ilirithi nchi yenye hospitali za kupandikiza moyo mjini, na zahanati zisizo na daktari mashambani. Takwimu iliyotajwa sana mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni kwamba zaidi ya watu 4 katika kila 10 waliishi vijijini, lakini ni asilimia 12 tu ya madaktari waliofanya kazi huko.

Serikali mpya ilijaribu njia kadhaa kwa wakati mmoja. Mwaka wa 1996 madaktari wa kwanza kutoka Cuba waliwasili, na vijana wa Afrika Kusini, wengi wao wa familia maskini za mashambani, wakaanza kupelekwa Cuba kusomea udaktari kwa gharama ya serikali. Mwaka wa 1997 Mandela aliiomba Uingereza iache kuwachukua wauguzi na madaktari wa nchi yake. Na kuanzia mwaka wa 1998, chini ya Waziri wa Afya Nkosazana Dlamini-Zuma, kila daktari mpya alitakiwa kufanya kazi mwaka mmoja katika hospitali ya umma kabla ya kuruhusiwa kufungua kliniki yake. Madaktari vijana walipinga. Mpango wa awali ulikuwa wa miaka miwili, na baada ya mabishano makali ukabaki mmoja.

Wasikilizaji wetu wa Tanzania watakumbuka kisa cha Oktoba 1966, pale wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga utumishi wa lazima, na Mwalimu Nyerere akawarudisha mamia yao makwao, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hoja ilikuwa ile ile: aliyesomeshwa kwa jasho la wengi anadaiwa nini?

Mwaka mmoja wa utumishi ulileta faida iliyoonekana. Hospitali ambazo hazikuwahi kupata daktari mpya kwa miaka sasa zilipata watatu au wanne kila Januari. Lakini Desemba walifunga mizigo, na wengine wakaja kujifunza upya njia ya kwenda wodi ya wazazi. Serikali iliongeza posho: kwa makubaliano yaliyofikiwa mwaka wa 2004, daktari wa kijijini alipata nyongeza ya kati ya asilimia 18 na 22 ya mshahara wake wa msingi. Posho ilimsaidia aliyekuwa tayari kukaa. Aliyetaka kuondoka aliihesabu, akailinganisha na mshahara wa hospitali binafsi za Johannesburg au wa Uingereza, akaondoka.

Vivyo hivyo misaada ya masomo yenye masharti. Idara za afya za majimbo ziliwalipia wanafunzi, kila mwaka wa masomo ukilipwa kwa mwaka mmoja wa kazi jimboni. Anayevunja mkataba hurudisha fedha pamoja na riba. Mkataba wa namna hii una udhaifu ambao mwanasheria yeyote angeuona mapema: ukishageuzwa kuwa kiasi cha fedha, mwenye fedha anaweza kuununua. Daktari aliyepata kazi yenye mshahara mnono alilipa deni lake na kuwa huru, na kijiji kikabaki na hundi badala ya tabibu. Ikumbukwe pia kwamba hundi yenyewe iliingia katika hazina ya jimbo.

Jibu lililo bora zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka mahali ambapo watu wa Johannesburg wengi hawajafika. Ingwavuma ni mji mdogo juu ya milima ya Lebombo, kaskazini mwa KwaZulu-Natal, karibu na mipaka ya Eswatini na Msumbiji. Hapo ipo hospitali ya Mosvold, iliyoanzishwa na wamisionari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dakta Andrew Ross, aliyekuwa akiiongoza hospitali hiyo, alichoka kutangaza nafasi za kazi zisizoombwa na mtu. Yeye na wenzake wakageuza swali. Badala ya kuuliza ni daktari gani wa mjini atakubali kuja, waliuliza ni kijana gani wa hapa anaweza kuwa daktari.

Watu walicheka, na ilieleweka kwa nini. Shule za wilaya hiyo zilikuwa na walimu wachache wa hesabu na sayansi, na waliofika chuo kikuu walihesabika kwa vidole. Hata hivyo mpango ulianza. Kijana aliyetaka kusaidiwa alipaswa kwanza kufanya kazi ya kujitolea hospitalini ili aone ugonjwa na uchovu kwa macho yake. Akikubaliwa, alirudi kila mwaka wakati wa likizo kufanya kazi katika hospitali ya nyumbani kwao. Alipewa mlezi wa kumpigia simu mambo yanapokuwa magumu. Akihitimu, alilipa mwaka kwa mwaka. Mpango huo baadaye ukaitwa Umthombo, yaani chemchemi kwa Kizulu, ukaenea katika hospitali jirani za Bethesda, Manguzi na Mseleni na kwingineko, na umetoa mamia ya wahitimu: madaktari, wafamasia, wauguzi, wataalamu wa macho na wa viungo. Taarifa za mpango zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi wake hufaulu mitihani.

Wits nayo ilisikia. Mwaka wa 2003 chuo hicho kilianzisha mpango wa kufanana na huo kwa vijana wa vijijini wa Jimbo la Kaskazini Magharibi. Mwaka huo huo utafiti uliochapishwa nchini humo ulionyesha kwamba daktari aliyezaliwa kijijini ana uwezekano wa kufanya kazi kijijini unaokaribia mara tatu ya yule aliyezaliwa mjini. Mkataba ni ule ule kwa wote wawili. Kinachotofautiana ni kwamba mmoja akimaliza miaka yake huko, mama yake anaishi kilima cha pili.

Wakati huo huo habari ya mikopo ilichukua sura nyingine. Mfuko wa taifa wa kuwasaidia wanafunzi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka wa 1999, ulitoa mikopo ambayo hadi asilimia 40 yake iligeuzwa kuwa msaada kwa mwanafunzi aliyefaulu. Oktoba 2015 maandamano ya kupinga ada yalizuka pale pale Wits na kuenea nchi nzima. Desemba 2017 Rais Jacob Zuma alitangaza kwamba wanafunzi wapya wa familia zenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka wangesomeshwa kwa msaada, si kwa mkopo tena. Kwa familia maskini ilikuwa nafuu isiyo na kifani. Kwa wale waliozoea kulitumia deni kama kamba ya kumvutia daktari kijijini, kamba ililegea.

Na ndipo likatokea jambo ambalo waanzilishi wa mipango hii hawakulitazamia. Majimbo yaliishiwa fedha za mishahara. Madaktari waliomaliza mwaka wao wa lazima walianza kukosa ajira, na miongoni mwao wakawamo waliosomeshwa kwa mkataba wa kutumikia. Wapo walioandika barua kuomba kwenda hospitali ile ile ambayo mkataba uliwataka waende, wakajibiwa kwamba nafasi ipo katika karatasi lakini bajeti haipo. Wagonjwa walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri, na daktari alikuwa nyumbani kwa wazazi wake akisubiri simu.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 vyama vya madaktari vilisema wenzao wasio na kazi walifikia takriban 1,800. Mwezi Aprili mwaka huo Waziri wa Afya Aaron Motsoaledi alitangaza kwamba baraza la afya la taifa limeidhinisha kuajiriwa kwa madaktari 1,200, wauguzi 200 na wahudumu wengine wa afya 250. Anayesoma hesabu hiyo Johannesburg anaweza kuiona ndogo. Kule Ingwavuma, daktari mmoja akiongezeka, orodha ya zamu za usiku hubadilika.