"Her" ni nani?

Oktoba 2002, mtihani wa PSAT huko Marekani uliwapa wanafunzi sentensi iliyoanza na "Toni Morrison's genius enables her", watafute kosa. Jibu la watahini: hakuna kosa. Mwalimu mmoja wa Maryland akapinga: kiwakilishi "her" hakiwezi kurejelea jina lililo katika hali ya umilikishi. Mwaka 2003 swali likafutwa. Mimi niko upande wa watahini, kwani ametajwa mwanamke mmoja tu. Msomaji gani atapotea?

Utata wa kweli uko hapa: "Juma told Ali that he had passed." Nani kafaulu? Mtahiniwa akiandika "that he, Ali, had passed", asikatwe alama kwa kurudia jina. Jina hilo linafanya kazi ya kuondoa utata, tofauti na "back" katika "return back", ambalo haliongezi maana yoyote.